Bango la mchezo linakimbiwa na rangi, na wapita njia hawalioni: nifanyeje?

*“Assalaamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa mjini Unguja. Rafiki yangu ana kikundi cha maigizo, na mimi ndiye ninayemchorea mabango ya michezo yake kwa mkono, kwenye karatasi ya manila na rangi za vikopo za skuli. Bango la mwisho tulilitundika karibu na Ngome Kongwe, likapigwa na mvua ya usiku mmoja. Asubuhi rangi yote imeteremka. Mmoja kaniambia nihamie rangi ya mafuta kama wachora tingatinga, mwengine nipake vanishi juu, mwengine nilivalishe nailoni. Nimfuate nani? Halafu wako wengi waliosema hawakuliona kabisa, na lilikaa pale siku kadhaa kabla ya mvua. Maandishi yalikuwa ya sentimita tatu hivi, maana rafiki yangu anataka nyuso na majina ya waigizaji wote tisa. Mchezo ujao ni wa ndugu wanaogombania nyumba ya urithi Mji Mkongwe. Vijana wa kikundi wanasema tuachane na mkono, tukachapishe fleksi, yale mabango ya plastiki ya mashine. Nipe ushauri.”*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Una matatizo mawili, na umeyapanga kinyume na ambavyo ningeyapanga mimi. La mvua umelitanguliza kwa sababu linauma: kazi ya mikono yako imeharibika usiku mmoja. Lakini lile la pili ndilo kubwa. Bango lililokaa siku kadhaa bila ya watu kuliona lilikuwa limeshakufa kabla mvua haijanyesha. Hata hivyo nianze na rangi, maana hao washauri wako watatu wanaweza kukutia hasara wiki hii hii.

Rangi za vikopo za skuli zimeshikwa na gundi inayoyeyuka majini. Ndiyo maana mtoto akijichafua, mama anaitoa kwa maji tu. Ikikauka karatasini inaonekana ngumu, lakini ile gundi bado ipo vile vile, inasubiri maji yarudi. Matone machache yakiipata, inaachia unga wa rangi na rangi inashuka. Hukukosea kuchanganya wala hukupaka nyembamba. Ungepaka mikono mitano, yaani kuirudia mara tano, ingeteremka pia, tena ingechafua zaidi.

Sasa rangi ya mafuta. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, hilo kweli. Lakini alichora juu ya vipande vya ubao mgumu, si karatasi. Mafuta yakiwekwa kwenye manila tupu yanasharabiwa: utaona duara la unyevunyevu limezunguka kila herufi, na siku zikienda karatasi inageuka manjano na kukatika ukiikunja. Rangi ya mafuta ni nzuri kwa ubao na bati. Ukitaka bango la kudumu la jina la kikundi, la kuwekwa mlangoni kila msimu, hapo itumie bila ya wasiwasi.

Vanishi juu ya rangi ya skuli: ile ya maji itaiyeyusha chini ya brashi yako, na nyeusi itaingia kwenye nyeupe mbele ya macho yako. Ile ya mafuta haitaiyeyusha, ila itaifanya karatasi iwe na mabaka kama ya kanga iliyomwagikiwa samli, na maji yatapita nyuma, upande usiopakwa. Na nailoni ndiyo mbaya kuliko zote kwa hewa yetu. Unyevu uliomo ndani ya karatasi hauna pa kutokea. Mchana jua linaupasha, usiku unageuka matone ndani ya nailoni, na bango linalowa bila ya mvua. Juu ya hapo nailoni inang’aa, kwa hiyo anayepita anaona jua, haoni mchezo.

Unachokihitaji ni rangi ambayo ikikauka hairudi nyuma. Akriliki ndivyo ilivyo: ndani yake mna chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini, na maji yakiondoka zinasogeleana na kushikana kuwa utando mmoja. Maji ya mvua hayawezi tena kuzitenganisha. Vichupa vya akriliki vya wachoraji ni ghali, sikufichi. Lakini rangi ya maji ya ukutani, ile ya kupakia nje ya nyumba, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Nunua kopo moja la nyeupe na vichupa vya rangi nzito vya kukolezea, uchanganye mwenyewe kwenye vikombe. Nyeusi na nyekundu iliyokolea haswa hutozipata kwa kukoleza nyeupe, maana nyeupe inazififisha. Hizo mbili nunua zimeshachanganywa, hata robo lita, au hapo ndipo utumie akriliki kidogo.

Na uiache manila. Hamia kwenye marikani, ile nguo ya pamba. Ifue kwanza utoe wanga wa dukani, ianike, kisha ikaze kwenye fremu ya mbao kwa misumari midogo, ukianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni. Paka rangi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ukiisukuma iingie kwenye nyuzi. Italegea ikiwa mbichi, usishituke, ikikauka itajikaza yenyewe. Pitisha msasa laini, paka mkono wa pili bila ya kuzimua. Hapo una turubali jepesi linalokunjika kuwa roli, linalobebeka kwenye vespa na linalostahimili mvua ya vuli. Nchini Ghana, katika miaka ya 1980, wenye sinema za kutembeza na televisheni na jenereta walichoresha mabango yao ya filamu kwa rangi ya mafuta kwenye magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, kwa sababu hiyo hiyo: bango lilikuwa linasafiri na onyesho. Kikundi chenu kikialikwa Wete au Makunduchi, bango litakwenda nanyi.

Tahadhari moja. Akriliki na rangi ya maji zikipata joto zinalainika kidogo, na uso kwa uso zinagandana. Ukilikunja bango, upande wa mchoro uwe nje, si ndani kama watu wanavyodhani ndio unalindwa, na ulaze gazeti juu yake. Wakati wa masika lipe siku mbili kamili za kukauka kabla hujalikunja, hata kama kidole kinakwambia limekauka.

Sasa tuje kwenye lile kubwa.

Mafundi wa maandishi wana kipimo cha zamani: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita mbili na nusu ndipo isomeke kwa raha. Herufi zako za sentimita tatu zinasomeka vizuri kwa mtu aliye mita tatu na nusu. Akiwa mbali zaidi ataanza kukaza macho, na mtu aliyebeba kikapu akirudi sokoni hakazi macho kwa ajili ya mtu yeyote. Mtu akiwa ng’ambo ya njia, mita kumi na mbili, anahitaji herufi ya sentimita kumi. Wewe ulichora ukiwa umekaa nusu mita kutoka kwenye karatasi, na kwa umbali huo kila kitu kilikuwa kinasomeka. Wachoraji wengi wazuri bango linawashinda hapa, kwa sababu mkono wao unaweza vitu vidogo.

Kwa hiyo kabla ya penseli, nenda pale bango litakapokaa. Simama anaposimama mpita njia, upime kwa hatua. Sehemu hazifanani. Jaws Corner watu wamekaa barazani na kahawa zao, muda wanao, hata tangazo la maandishi madogo litasomwa na kujadiliwa mpaka adhana. Kwenye kichochoro mtu analikuta bango ghafla, mita mbili mbele yake, na hatua nne baadaye limeshakuwa nyuma. Kando ya raundabauti ya Michenzani anayesoma yumo ndani ya daladala, ameegemea dirisha, na gari inakata kona. Bango la barazani na la Michenzani haliwezi kuwa moja. Ukilazimishwa kuchora moja tu, chora la yule anayepita. Aliyekaa atalisoma hilo hilo.

Mpita njia anabeba mambo matatu, basi: jina la mchezo, wapi, lini. Kiingilio, nambari ya simu na majina ya waigizaji yashuke chini kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo, kwa ajili ya atakayesogea.

Na hizo nyuso tisa? Hapa utabidi uzungumze na rafiki yako, na najua si mazungumzo mepesi, maana kila mwigizaji ana mama anayetaka kumuona mwanawe ukutani. Mpelekee hoja hii. Mwaka 1891 mchoraji wa Kifaransa Henri de Toulouse-Lautrec alichora bango la ukumbi wa Moulin Rouge wa Paris. Ukumbi ule ulijaa watu, naye hakumchora kila mmoja. Watazamaji wote aliwafanya kivuli kimoja cheusi kilichokwenda upande hadi upande, kofia zao tu ndizo zinazoonekana, na mbele yao akamweka mchezaji dansi mmoja aliyevaa rangi nyepesi. Jicho halina pengine pa kwenda. Halaiki ipo, imeonekana, lakini haigombanii nafasi.

Mchezo wenu ni wa warithi wa nyumba. Kama ningekuwa mimi, ningechora mlango mmoja wa Kizanzibari, ule wa mbao uliochongwa na wenye njumu za shaba, umejaa bango lote, na katikati pale penye komeo ningetundika makufuli tisa ya kila aina: kubwa la kizamani lenye kutu, dogo la sanduku la bibi harusi, jipya la dukani linalong’aa. Waigizaji wote tisa wamo, na hapana uso hata mmoja. Mpita njia anafahamu kuwa kuna ugomvi kabla hajasoma neno. Usiuchonge mlango wote kwa brashi, tafadhali. Chora fremu ya nje na maua mawili matatu pale juu ya kizingiti, njumu ziwe duara tupu zenye nukta ya mwanga upande mmoja, na makufuli ndiyo uyape muda wako. Ikiwa rafiki yako bado anataka uso, basi uwe mmoja, mkubwa, na aliyechorwa awe ameridhia mwenyewe na, kama ni binti, nyumbani kwao wanajua. Mji wetu mdogo.

Kuhusu rangi, watu hudhani zikiwa nyingi ndio bango linaonekana. Linaloonekana mbali ni tofauti ya mwanga na giza. Nyekundu juu ya buluu ukiwa karibu inawaka, lakini uzito wa giza lao unakaribiana, na ukirudi nyuma herufi zinaanza kutetemeka na kupotea. Lipige picha bango lako kwa simu, uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama jina la mchezo limezama, litazama na Michenzani. Nyeusi juu ya manjano, nyeupe juu ya buluu iliyokolea, nyeupe juu ya kahawia ya mlango wako: hizi hazikuangushi. Waridi kali na zile rangi zinazowaka kama za kalamu za kuwekea alama ni za mwanzo kupauka juani. Nyekundu ya udongo na manjano ya udongo zinadumu miaka, kwa sababu rangi yake ni madini ya chuma na jua haliyavunji.

Maandishi sasa, maana hapa ndipo kazi ya mkono inapochekwa: mtu anaanza jina kwa herufi kubwa za kifahari, akifika mwisho nafasi imekwisha, herufi tatu za nyuma zimebanana. Dawa yake ni kuhesabu. Chukua NGOME KONGWE. Kila herufi ipe kipimo kimoja, M na W moja na nusu, I ukikutana nayo nusu, na nafasi baina ya maneno moja. NGOME ni tano na nusu, nafasi ni moja, KONGWE ni sita na nusu. Jumla kumi na tatu. Bango la saizi ya A1 lina upana wa sentimita 59.4. Acha ukingo pande zote mbili, ubaki na 52 za kuandikia. Gawa kwa kumi na tatu: kila kipimo sentimita nne, M na W sita. Nusu ya kumi na tatu ni sita na nusu, kwa hiyo katikati ya mstari haianguki kwenye uwazi baina ya maneno kama jicho linavyokwambia, inaanguka pale K inapoanzia. Piga mstari wa penseli hapo, andika kuanzia katikati kwenda kulia, kisha kutoka katikati kurudi kushoto. Ukishaweka penseli, rekebisha kwa jicho: O na G zikae karibu kidogo na jirani zao, maana umviringo unaacha uwazi.

Tarehe usiichore kwenye nguo yenyewe. Andika kwenye kiraka cha marikani hiyo hiyo, ukishikize kwa nyuzi nne za mkono. Umeme ukikatika au mwigizaji mkuu akiugua na onyesho likasogea, utabadilisha kiraka tu. Na kama onyesho limepangwa siku za sikukuu, bango liwe nje tangu kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakienda Darajani kununua nguo za watoto. Ukingoja Idi mosi, wenzio wenye burudani za sikukuu Mnazi Mmoja wameshawachukua watu.

Fleksi: vijana wako hawajakosea wote. Mkihitaji mabango kumi yanayofanana, chapisheni. Hutoweza kuchora kumi kwa moyo ule ule, na fleksi haijali mvua. Kasoro yake ni kwamba limeshazoeleka. Duka la simu, kampeni na semina zote zinatumia fleksi, na jicho la mpita njia limejifunza kuliruka. Mwishowe linakuwa paa la kibanda cha chipsi, wala haligeuki udongo wala haliozi. Bango moja kubwa la mkono, mahali pamoja palipochaguliwa, mtu anasimama kulitazama. Mimi ningefanya hivi: la mkono moja kwa pale penye onyesho na la pili kama nguvu zipo. Kisha lipige picha kivulini, mchana, simu ikiwa sambamba na bango, watu watumiane kwa WhatsApp. Kwa fotokopi za kubandika skuli na madukani usitumie picha hiyo, kahawia na nyekundu zote zitatoka kijivu cha majivu. Chora kufuli moja kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, andika maneno yako, hiyo ndiyo ikatolewe fotokopi.

Gharama za nguo na rangi zitoke kwenye mfuko wa kikundi, hata kama mkono wako unautoa bure. Mwambie rafiki yako mapema, kabla hujanunua kopo la kwanza. Ukinyamaza mara tatu, mara ya nne utachora kwa kinyongo, na kinyongo kinaonekana kwenye brashi.

Yako mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mabango ya humo yana utaratibu wake. Kabla hujatundika, fika mwenyewe Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe uulize sehemu gani inaruhusiwa. Nje ya hapo uliza baraza la manispaa. Kibali cha onyesho lenyewe ni mambo ya BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na hayo rafiki yako ayashughulikie, si wewe. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa usizibandike gundi wala tepu: ukiibandua inatoka na ngozi ya chokaa, na mwenye nyumba ana haki ya kukukasirikia. Tia ufito juu na ufito chini, funga kwa kamba kwenye nondo za dirisha au reli ya baraza, kwa ruhusa. Ufito wa chini ndio unaoizuia kusi isilipigepige.

Ukija kufanya kazi ya rangi ya mafuta, fanya uani, si chumbani. Tina na tapentaini za kuzimulia rangi zinapanda kichwani, na mwenye pumu asikae karibu. Mikono ioshe kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni, usiioshe kwa tina. Kichwa kikikuuma sana, ukasikia kizunguzungu au kifua kikakubana, acha kazi, toka nje, na kama hali haitulii nenda kituo cha afya. Na kwa herufi, mtafute fundi wa zamani wa maandishi ya maduka, bado wapo mjini na Chake Chake. Umuombe ukae naye asubuhi moja umtazame anavyouzungusha mkono kwenye herufi S. Hilo hakuna maelezo yatakayokupa.

Onyesho likimalizika, literemshe bango siku ya pili yake. Kiondoe kiraka cha tarehe, lioshe kwa maji na sabuni kidogo utoe chumvi ya bahari, lianike kivulini. Kama mchezo hautorejewa tena, lipake nyeupe mikono miwili, na nguo ya mchezo mwengine unayo.